Ubao Juu ya Mtaro

Ulimi wa Mativo ulimlisha kwa miaka mitatu, kisha kwa dakika nne tu ukamnyang'anya Nzisa. Ndiyo maana Jumamosi ile, saa nane kasorobo mchana, alikuwa amesimama nyuma ya ukumbi wa video wa Kweyu pale Baba Dogo, chupa ya maji mkononi, akiutazama ulimi huo kwenye kipande cha kioo kama hakimu anavyomtazama mshtakiwa aliyeletwa kortini mara ya pili.

"Leo utalala," akauambia.

Ulimi haukujibu. Hiyo ilikuwa dalili njema.

Kuanzia Baba Dogo hadi Kiamaiko, watu walimjua Mativo kama dijei wa filamu. Filamu ikija na Kichina chake au Kihindi chake, yeye hukaa kwenye kigoda kirefu kando ya pazia jeupe, akashika maiki, na kuwapa watu wa kwenye pazia maneno ya Kiswahili. Kichina hakukijua. Kihindi hakukijua. Hakuna mtazamaji aliyewahi kulalamika. Tena alikuwa na desturi ya kuwaazima wahusika majina ya watu wa mtaani, na watu waliihesabu desturi hiyo kuwa heshima. Kinyozi mmoja aliyeazimwa jina lake kwa shujaa aliyeua watu arobaini kwa upanga alijaza wateja mwezi mzima, na akawa anatembea kifua mbele hadi kwenda kununua maziwa.

Lakini wiki tatu zilizopita ilikuja filamu ya tajiri mwenye kipara aliyemfungia binti yake ghalani asionane na mpenzi wake. Jana yake Nzisa alikuwa amemwambia Mativo kwamba nyumbani kwao hakuna anayetaka kumsikia. Mativo alikuwa na uchungu na maiki, vitu viwili ambavyo havipaswi kukaa katika mkono mmoja. Yule binti akampa jina la Nzisa. Yule mwenye kipara akampa jina la Muoki wa Lori. Kwa dakika nne ukumbi mzima ulikuwa chini ya mabenchi kwa kicheko, na kufikia jioni, mzee Muoki wa kweli, baba yake Nzisa, alipokuwa akirudisha lori nyuma kwenye lango la kiwanda cha unga, watoto walipanga mstari wakaimba, "Fungua ghala, Muoki anarudi."

Mzee Muoki alikuwa ameliendesha lori la kiwanda hicho miaka ishirini na miwili. Alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa na kipara, na mpaka siku ile kipara hicho kilikuwa jambo la faragha kati yake na kofia yake.

Hakwenda kumpiga mtu. Alivua kofia, akaketi, akamwambia binti yake kwa sauti ya chini kwamba kijana yule huwatia watu maneno ambayo hawakuyasema. "Akikuoa," alisema, "hata kimya chako atakisemea."

Na Nzisa, hapo ndipo kisu kilipomchoma Mativo hadi leo, Nzisa alimjibu baba yake kwamba hilo ni kweli.

Tangu siku hiyo hakumsalimia. Kisha Alhamisi jioni wajomba wa Ndeti, yule mwenye karakana ya vinyago, wakapiga hodi kwa mzee Muoki wakiwa na mbuzi watatu waliochaguliwa sokoni Kiamaiko, wawili weupe na mmoja mweusi, wakawafunga nyuma ya jikoni. Walikuwa mbuzi wa ntheo. Katika nyumba ya Wakamba kama ile, mbuzi wa namna hiyo hawahitaji barua ya kuwaeleza: wakishachinjwa na kuliwa na pande zote mbili, msichana ni mke wa watu, liwe jua iwe mvua. Kisu kilikuwa kinangoja Jumapili baada ya ibada, shangazi zake wakishafika kutoka Machakos.

Ndeti mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Mativo alijitahidi kumchukia usiku kucha, na hadi alfajiri kosa pekee alilolipata ni kwamba Ndeti hucheka kwa pua.

Ijumaa asubuhi ndipo Nzisa alipomwita kwa Habibo.

Habibo alikuwa akiuza chai na sambusa mbele ya kiwanda, na alikuwa rafiki wa Nzisa tangu walipokuwa wakigombania kamba ya kuruka. Mativo alimkuta Nzisa ameshika kikombe kwa mikono miwili, hanywi. Alikuwa amevaa ile sweta ya kijani anayovaa ofisini, ofisi ile ya stoo anakoandika magunia yaingiayo na yatokayo. Alimtazama Mativo mara moja, kuanzia viatu hadi paji la uso, kisha akaiweka flashi mezani.

"Ni filamu," alisema.

"Ya nini?"

"Ya mapenzi."

"Nani anamuua nani?"

"Hakuna."

"Wanabusiana dakika ya ngapi?"

"Hawabusiani."

Mativo akamgeukia Habibo kuomba msaada. Habibo alikuwa anakata vitunguu kwa utulivu wa mtu aliye mazishini.

"Nzisa," Mativo alisema kwa upole, "hiyo si filamu. Hiyo ni kamera ya dukani imesahauliwa ikiwa imewashwa."

Nzisa hakucheka, ingawa pembe ya mdomo wake ilianza safari na kurudi. Alimweleza kwamba ameiona mara tatu. Filamu nyingine, alisema, dakika ya kumi tayari anajua nani atamuoa nani, na wakianza kupendana hupigwa muziki ili yeye aliyekaa kwenye kiti ajue kwamba saa ya kulia imefika.

"Hii hainiambii kitu," alisema. "Inabidi nimtazame yule mwanaume mikono yake. Na kila nikirudia, nagundua alikuwa amempenda mapema kuliko nilivyodhani. Mara ya kwanza nilidhani ni katikati. Sasa najua ni tangu mwanzo, kabla ya mtaro."

"Mtaro upi?"

"Utauona. Kesho saa nane utaiweka, na hutaongeza neno. Hata moja, Mativo. Hata kikohozi kilicho na maana. Baba atakuwepo."

Mativo aliuliza kama ni baba yuleyule.

"Nilimwambia unaweza kunyamaza. Alicheka. Akasema hutafika dakika ya kumi. Tumekubaliana hivi: ukinyamaza mpaka taa ziwashwe, atanisikiliza kabla ya kisu. Ukisema neno, sitalitaja jina lako tena ndani ya nyumba yake."

"Na wewe ukakubali?"

"Sikuwa na kingine cha kuweka."

Alisema hivyo akiwa amemtazama machoni, na mtazamo wenyewe haukuwa wa msamaha wala wa hasira. Ulikuwa wa mtu anayekabidhi mzigo kwa hamali asiyemjua vizuri. Kisha akaenda kazini. Chai ilibaki imejaa. Habibo aliimimina, akamwambia Mativo kwamba katika watu wote wa Baba Dogo, Nzisa amekwenda kuuwekea dhamana mdomo uliochongoka kuliko wote, na kwamba yeye Habibo atamwombea dua, lakini asitegemee sana.

* * *

Kuhusu maji, elimu hiyo Mativo aliipata shule ya bweni. Kulikuwa na kiranja aliyewaadhibu wapiga kelele wa prepu, masomo ya usiku, kwa kuwajaza maji mdomoni mpaka kengele ilie. Ukimeza, unajazwa tena, ukitema, unapiga deki bweni zima. Rekodi ya shule ilikuwa ya Mativo, na ni mafanikio pekee ya kitaaluma ambayo mama yake hakuyatangaza kanisani.

Kufikia saa nane ukumbi ulikuwa umefurika. Habari za mkataba zilikuwa zimeenea, na Kweyu, mwenye ukumbi, ambaye huamini kwamba aibu ya mtu mmoja ni burudani ya mtaa mzima, alikuwa ameongeza mabenchi mawili. Wachinjaji wa Kiamaiko walikuja na mabuti yao ya mpira. Kiongozi wao, Yahye, mtu mwenye mabega kama mlango, alikaa mbele kabisa kama kawaida, sambusa nne za Habibo mapajani.

Kisha mzee Muoki akaingia, na mabenchi yakanyamaza.

Alikuwa amevaa koti la kanisani. Nzisa alimfuata nyuma, wakaketi benchi la tatu, pembeni. Mzee alivua kofia, akaiweka juu ya goti. Mtu mmoja nyuma akaanza kuimba, "Fungua ghala," na Yahye akageuka polepole, akamtazama, na wimbo ukafia hapo ulipozaliwa. Mativo aliona shingo ya mzee imekakamaa. Kwa mara ya kwanza katika wiki tatu hakuona kichekesho katika kipara kile. Aliona mtu aliyeoga, akavaa koti lake bora, akaja kuketi mahali alipochekwa, kwa sababu binti yake alimwomba.

Alipiga funda la maji, akalishikilia, akabonyeza kitufe.

Filamu ilianza kwa theluji. Mji mdogo, barabara nyembamba. Upande huu mwanamke mnene kidogo anaoka mikate. Upande wa pili mwanaume mwenye masharubu anashona viatu. Kila asubuhi wanafungua milango yao kwa wakati mmoja. Mwanamke anatikisa kitambaa cha meza. Mwanaume anainua nyundo kidogo, kama salamu. Basi. Ndani ya duka la mikate, baba wa yule mwanamke ameketi kwenye kiti, fimbo katikati ya magoti, anatazama kila kitu na hasemi kitu.

Dakika tatu zikapita. Katika dakika tatu Mativo alikuwa na kawaida ya kuua watu sita.

"Dijei," mtu akaita, "umelala?"

Wakaja mafundi kwenye filamu, wakachimba mtaro katikati ya barabara, mrefu, wenye kina cha mtu. Halafu mafundi wakaondoka. Asubuhi ya pili hawakurudi. Ya tatu hawakurudi.

"Aisee," akasema mtu, "hata ng'ambo kontrakta anapotea."

Hicho kicheko cha kwanza kilikuwa cha bure, Mativo hakukitolea jasho, na kilimuuma. Alikuwa na maneno saba mazuri kuhusu kontrakta. Yalipanga foleni nyuma ya meno yake, yakisukumana. Maji yakayazuia.

Lakini kicheko kilipoisha, filamu haikuwapa kingine. Mwanamke alisimama ng'ambo ya mtaro akatazama. Mwanaume akasimama akatazama. Wakatazamana, na wakaendelea kutazamana. Mabenchi yakaanza kulia. Mabuti yakaanza kupiga sakafu. Wakadai maneno, kisha wakamdai dijei, kisha kijana mmoja akasema kwamba dijei amekabwa na mapenzi, na nusu ya ukumbi ikageuka kumtazama Nzisa. Nzisa hakugeuka. Mativo alimwona akikunja ncha ya sweta yake, anaikunjua, anaikunja. Mzee Muoki alitoa saa mfukoni, akaitazama. Ilikuwa dakika ya tisa.

Kweyu akaja kwa kunyata, akainama sikioni mwa Mativo. Alimweleza, kwa lugha ambayo haistahili kuandikwa katika hadithi yenye mzee wa kanisa, kwamba watu wakitoka, Mativo atatoka nao, na asirudi. Kwamba vijana wanaojua kushika maiki wamejaa Baba Dogo. Kwamba aseme kitu.

"Hata 'karibuni', msee. Neno moja."

Mativo akameza maji kwa bahati mbaya. Mdomo ukawa mtupu, na maiki ilikuwa pale, nyekundu, imewashwa. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, dogo, lisilo na madhara. Alimtazama Nzisa. Wakati huohuo Nzisa aligeuza kichwa, kidogo tu, na macho yao yakakutana juu ya vichwa vya watu. Hakumsihi. Alimtazama kama yule mwanamke wa mikate alivyokuwa akitazama ng'ambo: hajui kama kuna mtu atakayekuja, na bado amesimama.

Mativo akabonyeza maiki, ikazimika. Akapiga funda jingine la maji. Mashavu yakafura. Akamtazama Kweyu kwa heshima zote.

Kwenye pazia, yule fundi viatu akatoka na ubao.

Aliulaza juu ya mtaro. Haukufika. Ulipungua kama hatua moja. Akausimamisha, akajikuna kichwa kwa ncha ya nyundo, akarudi ndani.

"Mfupi," akasema Yahye.

Lilikuwa neno la kwanza lililoelekezwa kwa filamu yenyewe. Asubuhi iliyofuata kwenye pazia mwanaume akatoka na ubao mwingine, akaupigilia juu ya ule wa kwanza. Wakagombana hapo, yeye na mwanamke, kuhusu msumari uliotokeza. Mwanamke akinyoosha kidole kutoka ng'ambo, mwanaume akikana, kisha akiinama akaupinda. Ubao ukafika. Mwanamke hakuvuka. Akaweka mkate juu ya ncha yake, akarudi ndani, kwenye macho ya baba yake. Usiku upepo ukauangusha ubao mtaroni. Ukumbi mzima ukaguna.

"Weka jiwe," Yahye akamshauri mwanaume. "Weka jiwe juu ya ncha."

"Atawekaje jiwe na yeye ni fundi viatu?" mtu akamjibu.

"Kwani mawe yana leseni?"

Wakabishana. Mtu wa nyuma alisema mwanamke ndiye mwenye makosa, kwa nini asivuke. Mwingine akasema hujamwona baba yake amekaa pale, atavuka aende wapi. Mwanamke mmoja aliyekuja na mtoto mgongoni akawaambia wanyamaze kwa sababu mwanaume ameosha shati, hawakuona kwamba ameosha shati? Wote wakatazama. Ni kweli. Shati lilikuwa limeoshwa. Mativo mwenyewe hakuwa ameliona, na kilimjia kitu cha kumdhalilisha kijana wa kazi yake: kwamba katika filamu zote alizozisema, huenda kulikuwa na mashati yaliyooshwa, na yeye akayafunika kwa mdomo.

Dakika ya arobaini Yahye alitangaza kwamba filamu hii ni ya wazimu, na kwamba atakayeizima atamchuna. Sambusa zake tatu zilikuwa zimepoa.

Saa ya mzee Muoki ilikuwa imerudi mfukoni.

* * *

Mwisho wenyewe ulikuja hivi. Kontrakta alirudi. Mafundi wakashusha mchanga. Kesho yake barabara ingefukiwa. Na nyumbani kwa yule mwanamke kulikuwa na wageni waliovaa vizuri, wameketi na baba yake, meza imejaa zawadi. Mwanamke alipita mbele yao akiwa bado na unga mikononi, akafungua mlango, akatoka hadi ukingoni mwa mtaro. Mwanaume alikuwa ng'ambo, ubao miguuni pake. Baba akatoka nyuma ya binti yake, akasimama mlangoni na fimbo.

Hapo yule mwanamke, ambaye kwa saa nzima na nusu alikuwa amesema maneno yasiyozidi ya kununulia chumvi, akafungua mdomo akasema. Alisema sentensi moja ndefu, kwa lugha ambayo hakuna mtu Baba Dogo nzima aliyeijua, bila kupandisha sauti, bila muziki. Ilichukua karibu dakika. Alipomaliza, picha ikabaki kwenye uso wake.

Ukumbi mzima ukamgeukia Mativo.

Hawakupiga kelele safari hii. Walimtazama kama watu wanaongoja daktari atoke chumbani. Na katikati ya ukimya ule, sauti iliyouliza haikuwa ya wachinjaji.

"Amesema nini?"

Mzee Muoki alikuwa amesimama. Kofia ilikuwa imeanguka na hakuiokota.

"Kijana. Nakuuliza. Huyu msichana amesema nini?"

Mativo alipiga hesabu. Akijibu, amevunja mkataba, na kesho kisu. Asipojibu, mzee wa watu amesimama mbele ya umati uleule uliomcheka, ameuliza, na amenyamaziwa kama mtoto. Na baada ya hilo, hata maji ya mto mzima hayataiosha aibu hiyo. Aliinuka kutoka kwenye kigoda. Akainamisha kichwa kwa heshima. Alikuwa na mashavu yaliyofura kama ya panya buku, na machoni machozi yalikuwa yanakusanyika, na hakuna mtu aliyecheka. Akaitia chupa kwapani, akaikamata maiki ile iliyozimwa, akapita katikati ya mabenchi hadi la tatu, akainyoosha kwa mikono miwili. Hakumpa mzee. Alimpa Nzisa.

Katika mkataba hakukuwa na neno lililomzuia Nzisa.

Nzisa aliitazama maiki. Akaiweka benchini, kwa sababu hakuihitaji. Alibaki ameketi, uso kwenye pazia.

"Anasema," alianza, akaikunja ncha ya sweta yake, akarudia. "Anasema, baba, umenilea vizuri. Kukanda unga nimejifunza kwako. Lakini kila siku umekaa kwenye kile kiti ukiniona nimesimama hapa, na hujawahi kuniuliza namtazama nani."

Hata mtoto mgongoni alikuwa ametulia.

"Anasema, wageni wako ni watu wazuri na walivyoleta ni vizuri, sina neno nao. Ila walivileta kwako. Anasema, kuna mtu alikukosea, na mimi nilikuwa upande wako, na bado niko. Lakini niulize. Niulize mara moja, baba, halafu nitanyamaza."

Kwenye pazia picha ikaondoka usoni mwa mwanamke. Fundi viatu aliinama, akaulaza ubao juu ya mtaro, kisha akapanda juu ya ncha yake kwa mguu mmoja, akakanyaga kwa nguvu, usitikisike. Akangoja hivyo. Pazia likawa jeusi.

Kweyu akawasha taa. Hakuna aliyenyanyuka. Yahye alikuwa anajipangusa pua kwa kiganja, akimweleza jirani yake kwamba ni pilipili ya sambusa.

"Kwa lugha ile," mzee Muoki akauliza hatimaye, "ndivyo alivyosema?"

"Siijui lugha ile, nau," Nzisa akajibu, na lile neno la Kikamba la kumwita baba lilimtoka kama la mtoto mdogo.

Mzee aliinama, akaokota kofia yake, akaipangusa vumbi, hakuivaa.

"Basi," alisema. "Nzisa. Unamtazama nani?"

Nzisa akageuka. Mara hii hakutazama kwa pembe ya jicho wala juu ya vichwa vya watu.

"Huyu," alisema. "Huyu mwenye maji mdomoni."

Kicheko kilipasuka kwenye mabenchi, na mzee akangoja kiishe, kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea kungoja lori lipakiwe. Halafu akamwangalia Mativo.

"Taa zimewaka. Una la kusema?"

Mativo akameza. Aliwahi kuwasemea wafalme, majambazi na farasi mmoja. Sasa alitafuta kitu cha kusema kwa niaba yake mwenyewe, akakuta ghala tupu.

"Nisamehe, mzee," alisema. Bila maiki sauti yake ilikuwa ndogo, hata yeye ilimshangaza. "Nilikukosea mbele ya watu."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Mzee Muoki aliyapima maneno hayo kama anayepima uzito wa gunia kwa jicho. Kisha akavaa kofia, akaikaza.

"Mbuzi wa watu hawajaguswa na kisu," alisema. "Watarudi kwa wenyewe kesho kabla ya ibada, na nitamkabili Ndeti mimi mwenyewe, kwa sababu ni kijana wa heshima. Watakwenda kwa lori. Saa kumi na mbili asubuhi uwe langoni na kamba. Wale weupe hawana shida. Yule mweusi anapiga pembe."

"Ndiyo, mzee."

"Usije ukamwambia mtu kwamba nimekupa binti. Nimekupa mbuzi."

Akaelekea mlangoni, na watu wakampisha. Nzisa aliinuka kumfuata. Alipompita Mativo hakumgusa. Alichukua tu ile chupa ya maji mkononi mwake, akanywa funda moja, akamrudishia.

Mlangoni mzee alisimama bila kugeuka.

"Na maiki," alisema, "iache hapa."